Togo Sebuleni, Mwani Cape Town

Binamu yangu anayefanya kazi Cape Town alinitumia video Jumapili moja jioni. Upepo ulikuwa mkali hata nusu ya maneno yake ukayameza. Alikuwa amesimama ufukweni Kommetjie, ameshika kitu kirefu cha kahawia, kinene kama paja la mtoto upande mmoja na chembamba kama kamba ya kufungia ng'ombe upande wa pili, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. "Mwalimu, ona togo ya huku!" Akachomoa kisu, akakata kipande, akakitia mdomoni na kukipuliza kama oporo, ile pembe ya Kijaluo. Kikalia kweli. Mbwa wa mtu akabweka.

Nilicheka peke yangu, nikatia simu mfukoni, nikarudi kwenye shughuli iliyonipeleka Dunga, kando ya Ziwa Victoria hapa Kisumu, siku hiyo, nayo ni kukagua sakafu ya nyumba yangu ambayo haijalaliwa na mtu tangu 2020. Katikati ya sebule, pale nilipokuwa nimepanga kuweka kochi, simiti imepasuka na mashina matatu ya togo yametokeza. Refu kuliko yote linanifika kiunoni. Kichwa chake kilikuwa kinaanza kufunguka kama ufagio mpya.

Kwa wasiotoka kwetu, togo ni mafunjo kwa Kijaluo, ile mimea mirefu ya ziwani yenye kichwa cha nyuzinyuzi ambayo Wamisri wa kale walitengenezea karatasi. Sisi hatuandiki kitu juu yake. Tunaisuka mikeka na vikapu, tunaezekea, tunatengeneza viti vinavyouzwa kando ya barabara, na wakati mwingine, kama nilivyofanya mimi, tunaifukia kwa moramu, ule udongo wa changarawe wa kujazia viwanja.

Usiku huo nilitaka kumjibu binamu yangu kwamba ile si togo. Nafundisha bayolojia, na ugonjwa wa walimu ni kusahihisha. Nikaanza kusoma ili nimsahihishe vizuri. Wiki tatu baadaye nilikuwa bado nasoma, na jibu sijatuma.

Kile alichokishika kinaitwa kelpu, na kwa hakika hata mmea si mmea. Ni mwani, wa jamii ya mwani wa kahawia. Hauna mizizi. Pale chini unaona kitu kama kucha za kuku zimeng'ang'ania mwamba, ukadhani ndiyo mizizi, kumbe kazi yake ni kushika tu, hakinyonyi chochote. Chakula unakipata kwa mwili mzima, kutoka kwenye maji yanayopita. Kutoka kwenye hizo kucha linapanda bua, na juu kuna kibofu kimoja au vingi vya hewa vinavyoinua majani hadi kwenye jua. Huo wa Kommetjie, ambao wataalamu wanauita Ecklonia maxima, bua lake lina uwazi ndani na limefura kwa juu kama chupa. Ndiyo maana ulilia.

California kuna ndugu yake, Macrocystis pyrifera, anayefika urefu wa mita 45, na hali ikiwa njema anaongeza hadi sentimita 60 kwa siku moja. Rudia tena: siku moja. Mahindi ya mamangu kule Seme yangefanya hivyo, tungevuna kwa ngazi. Yupo pia wa tatu, Nereocystis, ambaye huishi kwa kawaida mwaka mmoja tu. Anaota, anapanda kutoka sakafu ya bahari hadi juu, anazaa, dhoruba za baridi zinamng'oa. Kibofu chake kina gesi iliyochanganyika na kiasi cha kaboni monoksaidi, ile ile inayotoka kwenye jiko la makaa na kuua watu waliolala wamefunga dirisha. Nilipowaambia Kidato cha Tatu, msichana mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, huyo binamu yako alikuwa anapuliza nini?" Nikamtuliza kwamba ule wa Cape Town ni mwingine, na hata hivyo alikuwa ameshaukata.

Pwani yetu haina misitu hii. Tuna mikoko, tuna matumbawe, tuna nyasi za baharini, na kule Kibuyuni, Kwale, akina mama wanalima mwani mdogo wa kuuza. Kelpu inataka baridi. Maji baridi yanayopanda kutoka kilindini ndiyo yanayoleta nitrojeni, mbolea yake. Bahari ikipata joto, maji ya juu yanakuwa mepesi, yanakaa juu kama mfuniko wa sufuria, na yale ya chini yenye mbolea yanashindwa kupanda. Kwa hiyo joto linaipiga mara mbili, linaichoma na kuinyima chakula kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo nilipofika kwenye neno ambalo nimelifundisha miaka kumi na minne bila kuliangalia vizuri: kukabiliana na mazingira. Darasani tunalifundisha kama mali. Ngamia ana nundu. Dungusi ana miiba. Bata ana utando miguuni. Mwanafunzi anaandika "ana", anapata alama moja. Kana kwamba kiumbe alipewa vifaa vyake siku ya kwanza kama mwanafunzi wa bweni na sanduku lake, basi, maisha yaendelee. Mwani huu haukukubali kuingia kwenye sentensi ya aina hiyo.

Chukua majani ya huyo Nereocystis. Akiota mahali penye mkondo mkali, majani yake yanakuwa membamba, bapa, marefu kama mkanda. Akiota kwenye ghuba tulivu, yanakuwa mapana yenye kingo za mawimbi kama pindo la rinda. Ukiyatazama utaapa ni aina mbili tofauti. Majani membamba yanajikusanya pamoja mkondo ukija, yanayapisha maji, hayachaniki. Yale yenye pindo yangechanwa mara moja kwenye mkondo, lakini kwenye maji matulivu yanapepesuka, yanatikisa maji yaliyoyazunguka, na hayalaliani, kwa hiyo kila moja linapata jua. Watafiti walichukua machanga kutoka sehemu tulivu wakayahamishia kwenye mkondo. Sehemu mpya iliyoota baada ya kuhama ilikuja nyembamba na bapa. Mwani ni ule ule, na hakuna kizazi kilichopita hapo katikati. Ni kama kijana wa kijijini aliyehamia Kondele: miguu ni ile ile aliyozaliwa nayo, ila baada ya miezi miwili anavuka barabara kama mwenyeji.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni kitu kingine. Ule msitu mkubwa unaoonekana, wenye mita arobaini na samaki wanaopita kati ya mabua, ni nusu tu ya maisha ya mwani huo. Nusu ya pili haionekani kwa macho. Jani linamwaga spora, chembe ndogo za uzazi, nyingi mno, zinaogelea kidogo, zinatua mwambani, na kila moja inaota kuwa uzi mdogo sana. Nyuzi nyingine ni za kiume, nyingine za kike. Ule wa kike ukiwa tayari unatoa harufu ndani ya maji, na mbegu za kiume zinaifuata. Wakikutana ndipo unaanza msitu mwingine. Na zile nyuzi, mwanga ukiwa hafifu au hali ikiwa mbaya, zinaweza kungoja kwa miezi zikiwa zimebanana kwenye vinyweleo vya mwamba.

Kwa hiyo mtu anaweza kupiga mbizi, akakuta mwamba mtupu, akapanda juu na kutangaza msitu umekufa. Labda umekufa. Labda yuko juu ya paa la nyumba yenye watu waliolala. Nilifikiria ile sebule yangu, na moramu yote niliyomwaga.

Basi niseme habari ya hiyo moramu.

Mwaka 2016 nilinunua kipande cha ardhi chini ya Nyalenda, upande wa Dunga, pale ambapo ukisimama juu ya ndoo unaliona ziwa. Bei ilikuwa nzuri kupita kiasi, na hilo peke yake lingetosha kunizindua. Aliyeniuzia aliniambia maji hayajafika hapo tangu enzi za babu yake. Alikuwa anasema kweli, na mimi sikumuuliza babu yake aliishi enzi zipi. Togo ilikuwa imesimama ploti nzima. Niliajiri vijana wakaikata, wakachoma, nikaleta malori saba ya moramu. Kulikuwa na mzee mmoja mkata togo aliyekuwa akipita pale na mzigo wake kichwani kila asubuhi. Siku ya lori la tano akasimama, akaweka mzigo chini.

"Mwalimu," akasema, "hapa unatandika juu ya kitanda cha mwenyewe."

"Mwenyewe nani, Jaduong'? Hati ninayo mimi."

"Ametoka tu. Atarudi."

Akauinua mzigo wake akaenda. Nikawaambia vijana waendelee.

Mzee alikuwa na kumbukumbu ndefu kuliko hati yangu. Mvua za 1961, zile ambazo wazee wetu wanaziita za Uhuru, zilianza kulipandisha ziwa, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miaka hamsini. Kisha mvua za mwisho wa 2019 zikaja, zikashikana na za masika ya 2020, na mwezi wa Mei rekodi ikavunjwa. Kisumu wanakumbuka: Dunga maji yalikuwa kwenye vibanda vya samaki, kule Nyando watu wamelala shuleni, viboko wanatembea mahali walipokuwa wakitembea watu. Kwangu maji yaliingia kwa adabu, kidogo kidogo, kama mgeni anayejua njia. Sikupata hata sababu ya kukimbia. Nilihamisha godoro, kisha vitabu, kisha mlango.

Ziwa lilipanda, na togo iliyokuwa mbele ya ploti yangu, ile niliyoiacha kwa sababu haikuwa yangu, ilipanda pamoja nalo. Hiki ndicho kitu ambacho mtu wa ziwani anakijua tangu utotoni na mtaalamu anakiandika kwa kurasa nyingi. Mizizi ya togo na mashina yake ya chini yanasukana yakawa mkeka mzito, na ndani ya mkeka huo mmejaa vijishimo vya hewa. Sehemu ya kuelekea ziwani haijashika ardhi, inaelea. Maji yakiinuka, nayo inainuka, kama kochi juu ya mafuriko. Ile ya nyuma iliyoshika udongo ndiyo inayopata taabu, inavutwa hadi inakatika. Vipande vinavyokatika vinageuka visiwa, vinasafiri na upepo, ndege wakiwa juu yake. Mwezi wa Aprili mwaka huo kisiwa kimoja cha namna hiyo kilisukumwa hadi kwenye bwawa la umeme la Jinja, na Uganda karibu nzima ikalala gizani. Nchi nzima ilizimiwa taa na shamba lililong'oka. Mpaka leo nikikumbuka nacheka, ingawa najua waliokuwa hospitalini hawakucheka.

Huo ndio ufanani ambao binamu yangu aliuona kwa jicho la mtoto wa ziwani, nami kwa elimu yangu nikataka kuusahihisha. Kelpu imeshika chini na kuelea juu. Togo imeshika nyuma na kuelea mbele. Zote mbili ni misitu ya watu wasioamini nguzo.

Turudi baharini, maana huko ndiko mambo yaliharibika vibaya zaidi, na yalivyoharibika kunafundisha.

Kaskazini mwa California, msitu wa Nereocystis ulikuwa umezoea misukosuko. Dhoruba zikiung'oa, mwaka unaofuata unaota. Miaka yenye joto unapungua, yenye baridi unarudi. Mwaka 2013 kukazuka ugonjwa wa viti vya pweza. Hilo neno nilifundishwa na mwenzangu wa kutoka Lamu, nilipokuwa nahangaika kuelezea "ile nyota ya baharini"; kwao kinaitwa kiti cha pweza, na tangu siku hiyo sijaona jina zuri kama hilo. Kule California kulikuwa na kiti cha pweza kikubwa ajabu, upana hadi mita moja, mikono hadi 24, mwindaji mkali anayetembea sakafuni akitafuta nungunungu wa baharini, wale viumbe wa mviringo wenye miiba ambao wakikuchoma mguu utawakumbuka. Ugonjwa ulipokipata, mikono ilijikunja, ikachomoka, mwili ukayeyuka kama ugali uliomwagiwa maji. Zaidi ya asilimia 90 ya viti hivyo vilikufa. Kisababishi kilijulikana 2025 tu, baada ya miaka zaidi ya kumi ya kutafuta. Ni bakteria wa jenasi ya Vibrio. Sisi wa Kisumu jenasi hiyo tunaijua bila kusoma, kwa sababu ndugu yake ndiye kipindupindu.

Kisha, kati ya 2014 na 2016, bwawa kubwa la maji ya moto likatanda juu ya bahari ile. Mwani ukadhoofika kwa joto na njaa. Nungunungu, ambao kwa kawaida hukaa kwenye nyufa za miamba wakingoja vipande vya majani vinavyoanguka, wakatoka nje, maana anayewatisha hayupo na chakula hakianguki tena. Wakaongezeka hadi mara 60 katika sehemu nyingine. Wakala majani, wakala mabua, wakala zile kucha zilizoshika mwamba. Katika kilomita mia kadhaa za pwani, zaidi ya asilimia 90 ya msitu ikatoweka ndani ya miaka michache.

Hapo ungesema sawa, chakula kimeisha, nungunungu nao watakufa, zile nyuzi zilizolala zitaamka. Hawakufa. Nungunungu wa baharini anaweza kukaa miaka bila kushiba. Ndani anakuwa mtupu, ganda na miiba tu, lakini yu hai, na kila kinachojaribu kuota anakikwangua. Huko Monterey, kusini zaidi, wamebaki fisi maji wa baharini ambao hawakumalizwa na wawindaji wa ngozi, na wanakula nungunungu sana. Lakini fisi maji si mjinga. Akimpasua mmoja akakuta mtupu, hapotezi muda na wenzake. Anawinda wale walionona, walio kwenye vipande vya msitu vilivyobaki. Kwa hiyo anavilinda vile vilivyopo, na uwanja uliokwisha kuwa mtupu anauacha utupu wake.

Nilisoma sehemu hiyo nikiwa kwenye matatu ya kurudi kutoka mjini, nikapitwa na stendi yangu.

Kwa sababu ona: mwani wenyewe haukushindwa kitu. Majani yake yalikuwa bado yanajua kubadilika, nyuzi zake zilikuwa bado zinajua kungoja. Aliyetoka kazini ni mlinzi. Sisi tulikwisha kuliona hilo kwa upande mwingine. Miaka ya tisini gugumaji lilipofunga Ghuba ya Winam, mitumbwi ikanaswa, omena wakaozea ndani, halikuwa gugu lenye nguvu za ajabu. Huko lilikotoka, Amazoni, lina wadudu wake wanaolitafuna. Hapa lilifika peke yake, bila mlaji. Mwaka 1997 wakaachiliwa wadudu wadogo wa kahawia waitwao Neochetina, na miaka michache baadaye, pamoja na mawimbi na mvua za El Niño, gugu likapungua sana. Linarudi mara kwa mara, kila mtu anayevuka Dunga analiona, lakini halijarudia ufalme ule. Sasa Wamarekani wanafuga viti vya pweza ndani ya maabara, wanavilisha kwa mkono, wakijiandaa kuvirudisha baharini. Nawaelewa.

Afrika Kusini habari ni tofauti, na nilifurahi kumwambia binamu. Ule mwani wake hauko taabani. Pwani ya huko, maji ya karibu na nchi kavu yamekuwa yakipoa sehemu fulani, na katika miaka ya 2000 ukakutwa umevuka Cape Agulhas na kuelekea mashariki kama kilomita 70 kupita mpaka wake wa zamani. Umehama. Spora zimefuata baridi, zimekuta mwamba, zimejenga.

Australia Magharibi nako mwani ulilazimika kusogea, kwa uchungu. Wimbi la joto la 2011 lilifuta msitu wa Ecklonia radiata katika kilomita 100 hivi za upande wa kaskazini. Mwamba ulipobaki wazi ukavamiwa na mwani mfupi kama zulia, na samaki wa maji ya moto wakasogea kusini wakawa wanauchunga ule zulia kama mbuzi. Kinachochipuka kinaliwa. Mpaka umerudi nyuma. Na ukiangalia ramani unaona tatizo: kusini mwa Australia, ukiishamaliza pwani, kuna bahari tu hadi kwenye barafu. Mwani unaoshika mwamba hauwezi kuhamia mahali pasipo mwamba. Upande wa Tasmania, ambako kelpu kubwa imepungua kwa asilimia 95 hivi, watu wamekwenda kutafuta ile michache iliyostahimili joto, wakachukua mbegu zake, wakaikuza, wakaipanda tena kwa mkono. Inaota. Ni vipande vidogo, lakini inaota.

Hapo ndipo nilipoacha kusoma, nikatoka nje na futi ya fundi.

Nilipima kutoka ukingo wa togo hadi ukuta wa jirani yangu wa nyuma. Mita kumi na moja. Baada ya ukuta wa jirani kuna ukuta mwingine, kisha choo, kisha njia ya bodaboda, kisha nyumba za kupangisha za ghorofa moja. Zamani ziwa likipanda, togo ya mbele ilielea na ile ya nyuma ilifuata maji kwenda juu, ikaota kwenye majani ya malisho, ziwa likishuka ikarudi. Kila upande kulikuwa na pa kwenda. Leo ukisimama kwenye ploti yangu, mbele kuna mawimbi na nyuma kuna mawe ya msingi. Mimi ndiye niliyepanga safu ya kwanza ya mawe hayo, na walionifuata walifuata kwa sababu waliona mwalimu amejenga.

Na togo ikibanwa, haupotei mkeka tu. Wapo ndege ambao makazi yao ni humo tu, kama yule mwenye kifua chekundu na utosi wa njano ambaye watalii wanamfuata alfajiri kwa mitumbwi, halafu wanakasirika kwa sababu anasikika na haonekani. Wapo kamongo na mumi wanaoweza kuishi kwenye maji yasiyo na oksijeni ya kutosha, na samaki wadogo waliojificha humo wasiliwe na mbuta, yaani sangara, kwa kuwa mbuta hewa ya vinamasi humshinda. Ngege wetu wa asili, yule wa hadithi za mababu, katika ziwa kuu amekwisha. Amebaki kwenye maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli, nyuma ya kinamasi cha Yala, ambako mbuta hakufika. Kwa miaka yote hiyo kinamasi kimekuwa mlango, na tulidhani ni uchafu unaozuia kuona maji.

Sina la kujitetea. Ningependa kusema nimebomoa ule msingi, lakini sijabomoa, kwa sababu mawe yaligharimu pesa na bado nalipa mkopo wa chama. Nilichofanya ni kuacha kuja na panga.

Juzi nilikwenda tena. Yale mashina matatu yamekuwa tisa. Moja limetokea pale palipokuwa jikoni, limeegemea ukuta kama mpangaji anayengoja chai. Mlango hauko, kwa hiyo yeyote anaingia. Nikakuta mzee mkata togo amesimama sebuleni, panga lake kwapani, anaangalia juu. Amezeeka sana tangu 2016, lakini bado anabeba mzigo wake mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "hizi za ndani ni za nani?"

Nikamwambia ni zake akizitaka, akate tu.

Akalishika shina moja, akalibinya kati ya vidole viwili karibu na chini, akalitikisa kidogo, akaliachia. Togo ikikatwa kabla ya wakati inarudi dhaifu, na ukirudia rudia hairudi, hilo analijua kuliko mimi na vitabu vyangu.

"Bado changa," akasema. "Nitapita baada ya Krismasi."

Kisha akachukua kipande cha chaki kilichokuwa kimesahaulika dirishani, akachora alama ukutani juu kidogo ya kichwa chake, kuonyesha zikifika hapo ndipo ziko tayari. Akaniomba nisimruhusu mtu mwingine azikate.

Nilimtumia binamu yangu picha ya ile alama. Amejibu kwa sauti ya upepo na mbwa.